Moja kwa dola, Asha kwa buku mbili

Naanza na kichekesho. Kuna Barbie watano duniani ambao majina yao ni Moja, Mbili, Tatu, Nne na Tano. Sitanii kabisa. Mattel, ile kampuni inayotengeneza Barbie, waliwatoa mmoja kila mwaka, Moja 2001, Mbili 2002, Tatu 2003, Nne 2004, Tano 2005, mfululizo unaitwa Treasures of Africa na mbunifu wake ni Byron Lars, yule mbunifu wa mavazi wa Marekani. Yani midoli inahesabu Kiswahili kuanzia moja mpaka tano alafu ukizunguka Dar nzima hii, Kariakoo, Posta, Mwenge, Masaki, moli zote, huupati hata mmoja. Kila duka nililoulizia nimeangaliwa kama mtu anayeulizia tairi la ndege. Ukimtaka Tatu inabidi ukaongee na mama mmoja huko Ohio ambaye hata hajui kwamba tatu ni namba.

Basi kwa sababu hiyo mi nimenunua huku na huku, mtandaoni na dukani, miaka sita sasa, na watu wananiuliza sana hasa hawa wadogo zangu walioanza kukusanya baada ya ile sinema ya Barbie ya 2023, dada wapi kuzuri, dada tuagize au tununue hapahapa, nikaona niandike mara moja yaishe. Nina midoli 43. Mama mkwe alipokuja kwangu mara ya kwanza akaliona kabati akaniuliza kwa upole kama nimefungua chekechea. Nikamwambia hapana mama, ni ya kwangu. Akanyamaza, akaomba maji ya kunywa, mpaka leo hajauliza tena.

Sasa kabla sijaenda mbali. Mdoli ni uso. Gauni utashonesha, kiatu utatafuta, nywele zilizosimama kama za kichaa utazilowesha maji ya moto zitalala, ila uso ukiharibika umeharibika. Na nyuso hazifanani, hata za mdoli uleule wa toleo lilelile, maana macho na midomo vinapigwa chapa na mashine, mashine ikisogea nusu milimita tu jicho moja linaangalia Bagamoyo na lingine linaangalia Mkuranga. Ukiwa dukani unapanga maboksi matano kwenye kaunta unachagua. Mtandaoni unachaguliwa. Mengine yote nitakayosema hapa chini yanazunguka hapohapo.

Tuanze na maduka ya moli maana ndo watu wanayakimbilia. Kuna moja nilikuwa naenda sana, sitalitaja. Zuri, kiyoyozi, sakafu inang'aa, wadada wakarimu. Lakini midoli waliyonayo ni ile ya watoto kuchezea, sio ya kukusanya, na tofauti ipo kubwa: ya watoto magoti mengine hata hayakunji, nywele chache, gauni limebandikwa kwa gundi mgongoni, na bei walikuwa wananiuzia elfu sitini na tano. Kuna siku walipata mmoja wa kukusanya, boksi kubwa lenye dirisha, nikafurahi nikasogea. Walikuwa wameuweka dirishani unaelekea barabarani, jua la saa nane mchana linaupiga tangu sijui lini, boksi la waridi limekuwa rangi ya chai ya maziwa upande mmoja na plastiki ya dirisha imeanza kuwa njano. Nikamwambia yule dada, mpenzi huu umepauka, akageuza boksi akanionyesha upande wa pili, "huku uko sawa dada". Bei ileile. Niliondoka.

Alafu jua ni jambo moja, joto ni jingine. Hapa kwetu pwani mdoli ukikaa stoo bila hewa miguu inaanza kunata, yani inatoa jasho kama la mafuta, ni kile kilainishi cha plastiki kinachuruzika chenyewe. Duka ambalo mzigo umekaa miaka mitatu kwenye stoo ya bati usishangae. Kwenye boksi lililofungwa hutaweza kuushika mguu lakini angalia soksi au kiatu, kama kuna doa la mafuta limejichora achana nao.

Duka lililonifurahisha kuliko yote haliko hapa, liko Dubai. Nilimsindikiza shoga yangu anayefuata mzigo wa mapazia Deira, siku ya mwisho tukaenda moli moja kubwa kupoza miguu tukaingia duka la midoli. Nilikuwa namtaka Barbie wa sikukuu, ile Holiday ambayo wanatoa kila mwaka tangu 1988. Walikuwa nao tisa rafuni. Nikamuomba kijana wa dukani niwashushe wote. Akanitazama, akatazama saa, akaniletea kigoda. Nilikaa pale nikawapanga mstari, tisa, gauni moja, nywele zilezile, na wote ni watu tofauti kabisa! Huyu ana kope imeruka, huyu mdomo umepanda upande kama amesikia harufu mbaya, huyu unywele wake umenasa kwenye dirisha la boksi. Wa sita ndo alikuwa ananiangalia. Ukishakusanya muda mrefu utajua ninachosema, kuna mmoja anakuangalia na wengine wanaangalia ukuta. Shoga yangu alishakasirika ameenda kula. Nililipa, nikawarudisha wengine rafuni mwenyewe kwa adabu. Pia nikamchukulia binti wa dada yangu wa Zanzibar Fulla, yule mdoli wa abaya anayejulikana sana nchi za Kiarabu tangu 2003, akafurahi kuliko alivyowahi kufurahia Barbie yoyote niliyompa. Mtoto hadanganyiki.

Kwa hiyo duka likiwa duka kweli, lenye mzigo wa kuchagua, mtandao hauoni ndani. Tatizo duka la namna hiyo liko mbali na tiketi ya ndege sio nauli ya daladala.

Kariakoo sasa. Mtaa wa Kongo ukisimama sekunde mbili na kusema neno mdoli umeshapata winga wanne, wale madalali wa mtaani, "dada Barbie orijino, nifuate", wanakupitisha uchochoroni, ghorofa ya pili, fremu ya ndani kabisa, unatolewa mdoli umeandikwa jina linalofanana na Barbie ukilisoma umefumba jicho moja. Hii nitaipitia haraka maana haihitaji maneno: ukiubonyeza kifua ukabonyea kama chupa ya maji, ni feki. Ukifunua nywele ukakuta zimepandwa pembeni tu mstari mmoja na katikati upara, feki. Barbie wa kweli wa miguu laini ukimkunja goti linalia kat, kat, unasikia kwenye kidole kuna kitu kinashika ndani. Sina ugomvi na feki, mtoto akitaka kuogesha mdoli beseni mnunulie ya elfu tano aogeshe, shida ni kuuziwa elfu arobaini ukaenda kuweka kabatini. Na hizi Labubu za 2025, vile vidoli vya manyoya vinavyochekelea meno nje, ndo balaa zaidi, mtaa mzima zinaning'inia kama ndizi, hesabu meno tu, orijino ana meno tisa, nilihesabu moja pale Msimbazi nikapata kumi na moja, winga akaniambia "huyo mkubwa".

Ila sasa nije kwenye duka langu la ukweli. Karume. Mtumba.

Wengi hawajui kama kwenye mabelo ya midoli ya mitumba kunatokea Barbie. Belo likifunguliwa asilimia kubwa ni madubu ya manyoya, magari yasiyo na tairi, vipande vya mchezo usioujua, na katikati ya hiyo takataka unaona mguu. Unauvuta. Uchi, nywele zimefungana kama steelwaya, mara nyingi kachorwa na kalamu usoni na mtoto wa Ulaya au Marekani ambaye sasa hivi labda ana watoto wake. Nina kijana wangu pale, ananiita anti, tunajuana miaka mitano. Lile soko lilipoungua Januari 2022 alipoteza kila kitu, nikajua ndo basi, baada ya miezi akanipigia kwa namba mpya, "anti nimerudi, nna miguu mitatu hapa". Miguu mitatu kwake maana yake midoli mitatu.

Zamani alikuwa ananiuzia buku moja moja, siku hizi amejanjaruka. Aligundua mgongoni chini kabisa karibu na makalio kuna maandishi yana mwaka 1966, basi kila mdoli akawa ananiambia "anti hii antiki, ya sitini na sita, lete msimbazi", yani elfu kumi. Ikabidi nimkalishe nimfundishe. Ule mwaka wa 1966 sio mwaka mdoli ulipotengenezwa, ni mwaka wa haki miliki ya umbo la mwili, Mattel wameendelea kuupiga chapa miaka na miaka, kwa hiyo Barbie wa miaka ya 90 naye ana 1966 makalioni. Angalia shingoni nyuma, inua nywele, pale kuna mwaka wa kichwa. Na wenyewe sio mwaka wa kutengenezwa, ni wa umbo la kichwa, lakini angalau unakusogeza, mdoli hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kichwa chake. Huu mtego wa 1966 ndo huohuo mtandaoni, tena huko ni mbaya zaidi, watu wazima wenye akili zao wanaandika "Barbie wa 1966 adimu sana" dola mia mbili, picha ya makalio, na mteja ananunua.

Basi siku moja nikamuinua mmoja kwenye fungu la buku mbili. Mweusi, nywele ndefu, sikio moja lina doa la kijani. Hilo la kijani ni hereni, zile za zamani zilikuwa na shaba, zikikaa miaka zinavujisha rangi kwenye plastiki na haitoki kirahisi. Nikapindua nywele nikasoma shingo: 1990. Moyo ukaruka. Mnajua kwamba mwaka 1991 Mattel walitoa midoli mitatu weusi, Shani, Asha na Nichelle, kila mmoja na rangi yake ya ngozi na sura yake, sio ule mtindo wa kuchukua uso wa mzungu ukaupaka kahawia? Maana mdoli mweusi wa kwanza kuitwa Barbie mwenyewe ulikuja 1980 tu, aliubuni Kitty Black Perkins, kabla ya hapo weusi walikuwa marafiki wa Barbie, kama Christie wa 1968. Shani ni neno letu, Asha nina shangazi wawili. Na hiki kichwa nilichoshika ni cha Asha. Mattel walikitumia kwenye midoli mingine baadaye, ndio, lakini kwangu huyu ni Asha na hakuna mjadala.

Buku mbili!

Nilimuosha kwa sabuni ya vyombo, nikampaka dawa ya kulainisha nywele ile ninayotumia mwenyewe, nikamkalisha usiku mzima, asubuhi nikamchana kuanzia chini kwenda juu kidogokidogo, alafu nikamsokotea mirija ya juisi nikammwagia maji ya moto, nikamuacha akauke. Kitambaa cha kitenge kilichobaki kwa fundi kikatosha gauni. Sikio la kijani limebaki, namfunika na nywele. Kila mgeni akija anamuulizia yeye kwanza, hawamuulizii wa Dubai.

Kwa hiyo Karume mi naipa nyota nne na nusu. Nusu naitoa kwa sababu ya kuamka. Belo linafunguliwa alfajiri, ukifika saa tatu umekuta madubu. Na vidole, angalia vidole vya mikono, mbwa na watoto wanatafuna. Binamu yangu wa Nairobi ananiambia soko lao la mitumba la Toi ni hivohivo, na kule wanapandisha bei ukivaa viatu vizuri.

Haya, mtandao.

Mtandao una kitu kimoja ambacho duka lolote la Tanzania haliwezi kukupa: yaliyopita. Moja ametoka 2001, hakuna kiwanda kinachomtengeneza leo, yuko kwenye makabati ya watu tu. Kuna Kenyan Barbie wa 1994 kwenye mfululizo wa Dolls of the World, yule wa nywele fupi na shuka nyekundu na shanga za kimaasai, hutomkuta Nairobi, utamkuta Pennsylvania. Midoli yetu iko kwa watu. Ndo hali.

Moja nilimpata eBay, ule mtandao wa watu kuuziana vitu. Kabla sijanunua nilifanya kitu ambacho nawasihi wadogo zangu mfanye: usiangalie bei walizoweka wauzaji, angalia vilivyokwisha kuuzwa, kuna sehemu ya kuchuja pale. Mtu anaweza kuandika dola mia tano akakaa nazo mpaka azeeke, bei ni ile ambayo mtu amelipa. Na msibabaike na boksi limeandikwa toleo la kukusanya. Zile Holiday za katikati ya miaka ya 90 zilitengenezwa nyingi, watu wakanunua mbilimbili wakaficha darini wakijua watasomeshea watoto, leo darini zote zimefunguliwa, ziko tele. Ile ya kwanza ya 1988 ndo inawindwa.

Muuzaji wangu alikuwa bibi mstaafu. Nikamuomba picha ya uso kwa karibu, mwanga wa dirishani, bila flashi. Akanitumia kumi na mbili! Uso mbele, uso upande, masikio, kona nne za boksi, selotepu ya kiwandani ikiwa haijakatwa, mpaka chini ya boksi. Akaniandikia kwamba nyumba yake haina sigara ila ina paka. Nikamwambia jina la mdoli wake maana yake ni namba moja, akashangaa sana, akaniuliza na Mbili je? Nikamhesabia mpaka kumi. Dola 85, akafunga boksi ndani ya boksi na magazeti, akamtumia mpwa wangu aliyeko Columbus, mpwa akaja naye Desemba mkononi kwenye ndege, sio kwenye sanduku, namshukuru mpaka kesho maana alisema watu walikuwa wanamuangalia. Uso safi. Unaangalia mbele.

Na Mbili nilimpata hivohivo mwaka uliofuata. Hapa kuna jambo huwa linanichekesha peke yangu: sura ya Mbili ilipendwa mpaka Mattel wakaendelea kuitumia kwenye midoli mingine mingi, na wakusanyaji dunia nzima siku hizi wanaiita kwa jina hilo, "ana uso wa Mbili", mzungu, mjapani, wote, wanasema Mbili bila kujua wanahesabu.

Sasa Tatu. Tatu ndo aliniumiza.

Mpwa alikuwa harudi mwaka ule, mi nikawa na haraka. Nikamkuta Tatu kwenye mtandao mwingine, sio huo nilioutaja, muuzaji ana picha tatu, zote za mbali, na moja nikaja kugundua baadaye ni picha ya tangazo la zamani la kampuni sio ya mdoli wake. Ameweka zile herufi NRFB, yani haujawahi kutolewa kwenye boksi. Nikaomba picha ya uso, kimya siku mbili, nikaona kuna mtu mwingine ameuweka kwenye kapu, nikalipa dola 70. Tamaa.

Akatuma kwa ajenti wangu wa mizigo, ghala lao liko kule Marekani, wao wanaleta Dar kwa ndege. Watu wengi hawaelewi mahesabu ya ajenti kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mdoli na boksi lake hata kilo moja haufiki. Ila kwa ndege hawapimi uzito tu, wanapima na nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la nje la sentimita 40 kwa 30 kwa 15 ni 18,000, ukigawa unapata kilo 3.6. Dola 14 kwa kilo, hiyo ni dola 50 na senti. Kwa mdoli wa dola 70! Unalipia hewa. Nikamlalamikia ajenti kwenye WhatsApp, bosi hii ni nyingi, akaniambia usijali dada tutakupunguzia, tutafungua tupange upya.

Neno hilo nilitakiwa nilikatae palepale. Kupanga upya maana yake walitupa boksi la nje na magazeti yake yote, wakamchukua Tatu na boksi lake laini la maonyesho wakamchomeka kwenye mzigo wa mtu mwingine, nadhani ni spea za gari maana alikuja ananukia grisi. Wiki saba. Nilipoenda kumchukua ofisini kijana akanitolea mfuko wa sandarusi. Kona moja ya boksi imelala kabisa kama sikio la mbuzi, na juu ya dirisha la plastiki, katikati, usawa wa uso wa mdoli, wameandika namba yangu ya mzigo kwa maka peni nyeusi. Juu ya uso! Yani eneo lote lile la boksi, mgongo mzima mtupu, mtu alichagua pale. Nikamuuliza kaka kwa nini, akajibu kwa ukarimu kabisa, "ili ionekane dada".

Nilivyofika nyumbani nikasema boksi limekufa basi acha nimtoe. Selotepu ikabanduka kwa kugusa tu, ilishabandikwa upya. Hakuwa na kiatu kimoja. Vile vishikizo vya plastiki vinavyoshika kichwa kwenye kadi vilikuwa vimekatwa. Na jicho, ndio, la kushoto, limepanda. Sio sana. Lakini mi nalijua.

Nikaandika malalamiko, nikaambiwa muda umepita na mzigo ulishapokelewa, ulipokelewa ghalani kule Marekani sio kwangu. Na hili sio la mtandao ule peke yake, hata eBay dhamana yao ya kurudisha pesa inataka uripoti ndani ya siku 30 tangu mzigo ufike, na kama mzigo ulishafika alafu ukatumwa tena kwenye anwani nyingine haikuhusu tena. Sasa sisi wote wa huku tunapitisha kwa ajenti. Yani ile dhamana inayowafanya wamarekani wanunue bila woga, kwetu inaishia mlangoni kwa ajenti. Ukiwa na ndugu kule mwambie afungue akupigie video wakati siku bado zipo, akuonyeshe jicho. Mdoli ukiwa na kasoro urudi hukohuko.

Hawa wa Insta wa hapa nyumbani je? Nimejaribu mara mbili. Picha nzuri, chini imeandikwa bei DM, ukienda DM unaulizwa uko wapi mpenzi, ukisema Mikocheni bei inapanda, mi siku hizi nasema Mbagala. Mmoja alikuwa mkweli, akanitumia video, nikalipa baada ya kuona mlangoni. Mwingine alinitaka nilipe nusu kwanza kwa simu, sikulipa, akaunti ikapotea baada ya wiki mbili. Sina la ziada hapo.

Kwa hiyo mkinibana nichague, mdoli mpya unaotoka mwaka huu na uso wake sijauona sinunui mtandaoni tena, bora nimpe pesa mtu anayeenda Dubai na nimwambie anipigie video akiwa mbele ya rafu, hata kama atanichukia. Wa zamani ambao haupo madukani, mtandaoni, ndio, ila picha ya uso kwa karibu la sivyo hapana, na ni bora uje na mtu kuliko uje na ajenti, na kama ni ajenti mwandikie kabisa msifungue, msipange, nitalipia hewa. Zile dola 50 nilizolia nazo siku hizi nalipa nikiwa natabasamu. Na wa kupenda tu, wa kukuliwaza moyo, nenda Karume.

Tatu nimemuweka rafu ya chini, nimempa viatu vya Asha. Nne bado namtafuta, Tano nimeona mmoja juzi, muuzaji nimemuomba picha, ameniambia atapiga kesho mwanga ukiwepo, nikampenda hapohapo.

Ila sasa hivi nina jambo jingine. Usiku huu kijana wangu wa Karume amenitumia picha WhatsApp, hakuandika kitu. Nimeikuza. Ni shingo. Kaziinua nywele na kidole gumba kama nilivyomfundisha, taa ya soko nyuma, picha imetikisika, nasoma 19 alafu namba mbili zimefunikwa na kidole chake. Nimemwandikia toa kidole. Hajajibu. Belo linaendelea kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, nimeshatoa viatu vya kuchakaa.